Kwani Ziko Ngapi?

Mathee anauza nyanya Githurai. Kripto haijui na hataki kuijua. Lakini swali moja lililonifungua macho kuhusu kripto lilitoka kwake, jikoni, akikata sukuma, jioni niliyokubali kumwambia karo ya muhula ilienda wapi.

Ilikuwa 2023, nikiwa mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimetupa shilingi 41,000 kwa sarafu moja iliyokuwa imeanguka kutoka dola nne hadi senti mbili ndani ya wiki. Jina lake sitaji, haina maana tena. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kama juzi ilikuwa dola nne na leo ni senti mbili, hata ikirudi nusu ya njia tu, hiyo 41,000 ni zaidi ya milioni nne. Nimeomoka. Nikalala nikichagua gari. Siku mbili baadaye kilichobaki hakikutosha kununua bando.

Nikamweleza mathee vile ilivyo. Hakunipigia kelele, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Aliweka kisu chini akaniuliza, "Baba, hizo vitu zilipokuwa zinashuka bei, kwani zilikuwa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Manze, sikuwa hata nimewahi kuangalia.

Mtu wa nyanya hawezi kuacha kuangalia. Kreti ikianguka bei asubuhi, mathee hakimbilii kununua kreti kumi ati kwa sababu jana ilikuwa juu. Anauliza kwanza lori ngapi zimeingia kutoka Mwea usiku, na ngapi ziko njiani. Bei bila idadi, kwake, ni kelele tu.

Kilichonikera ni kwamba stori ya Luna ilikuwa imetokea mwaka mmoja kabla. Nilikuwa nimeona video zake, nikacheka wenye walichomeka. Sasa nikarudi kuisoma upya, polepole, nikiwa na swali la mathee kichwani. Na kumbe lile swali lilikuwa stori yote.

Luna ilitoka kwa kampuni inaitwa Terraform Labs, iliyoanzishwa 2018 na Wakorea wawili, Do Kwon na Daniel Shin. Kwon ndiye aliyekuwa sura yake: kijana aliyesoma Stanford, mdomo tele. Sarafu zao kubwa zilikuwa mbili. UST ilitakiwa kuwa dola moja kila siku, mvua au jua. LUNA nayo ilikuwa ya kupanda na kushuka, ile ya watu kutafuta faida.

Shika hapa vizuri. Shilingi yako ya M-Pesa ina mwenzake halisi amekaa benki kwa akaunti ya amana, anakungoja. UST haikuwa na dola imekaa mahali inaingoja. Ilikuwa na ahadi ya programu: leta UST moja, tunaichoma, tunakupa LUNA za thamani ya dola moja. Na hizo LUNA zinatoka wapi? Zinaundwa papo hapo.

LUNA ikiwa dola 80, ahadi hiyo ni tamu. Kuchoma UST moja kunaunda kipande kidogo tu, sehemu moja ya 80 ya LUNA. Hakuna anayehisi. LUNA ikiwa dola moja, inaundwa nzima. Ikiwa senti moja, zinaundwa 100. Ikiwa sehemu ya mia ya senti, zinaundwa 10,000, kwa UST ile ile moja. Na mwanzo wa Mei 2022 kulikuwa na UST karibu bilioni 18 mikononi mwa watu.

Yaani mashine ilitengenezwa kwa namna kwamba bei ikianguka inachapisha zaidi, na ikichapisha zaidi bei inaanguka. Kama soko ambalo nyanya zikishuka bei, Mwea inaleta lori mara kumi.

Mbona watu walishika UST basi? Kwa sababu kulikuwa na mahali panaitwa Anchor palipolipa riba ya karibu asilimia 20 kwa mwaka ukiiweka hapo. Karibu robo tatu ya UST yote duniani ilikuwa imekaa Anchor ikila riba. (Mathee ako kwa chama miaka kumi na tano. Mtu akija pale na asilimia 20 bila kusema nani anailipa, anaambiwa akae chini amalize chai.)

Sasa ile wiki. Jumamosi tarehe 7 Mei 2022, UST nyingi zilianza kutolewa na kuuzwa kwa mpigo, ikateleza kidogo chini ya dola. Wikendi ikaonekana kama itapona. Jumatatu tarehe 9 ikaanguka hadi karibu senti 70, na hapo kila mtu akaangalia mlango. Kulikuwa na mfuko wa akiba, Luna Foundation Guard, wenye Bitcoin zaidi ya 80,000 zilizowekwa kwa ajili ya siku mbaya. Siku mbaya ikaja. Tarehe 16 mfuko wenyewe ulisema umebaki na Bitcoin 313. Kwon naye alikuwa Twitter akiwaambia watu watulie, msaada uko njiani.

LUNA, iliyokuwa juu ya dola 80 tarehe 5, ilikuwa chini ya dola 40 Jumanne. Jumatano ikashuka hadi kama dola moja. Alhamisi usiku ilikuwa chini ya senti moja ya dola.

Waliokuwa ndani tangu zamani waliumia, na wengine walipoteza akiba ya maisha. Lakini kuna kundi lingine ambalo huwa hatuliongelei sana, labda kwa sababu ni aibu: wenye waliingia wiki ile ile. Jumatano usiku msee anaona LUNA ni dola moja, anakumbuka ilikuwa 80, anasema hii ni zawadi. Alhamisi anaona ni senti moja, anaongeza, kwa sababu sasa ni zawadi ya zawadi. Nawajua hawa watu bila kuwauliza, kwa sababu mimi ndiye wao, mwaka mmoja baadaye na sarafu tofauti.

Sasa muulizie mathee swali lake. Mwanzo wa Mei LUNA zilikuwa kama milioni 350. Kufikia tarehe 13 zilikuwa trilioni 6.5. Hiyo ni karibu mara 18,000 ndani ya siku chache. Hata walioendesha mtandao wa Terra walilazimika kuusimamisha tarehe 12, na tena tarehe 13.

Fanya hesabu na mimi. Ili hizo trilioni 6.5 zirudi dola 80 kila moja, zote pamoja zingehitaji kuwa na thamani ya dola trilioni 520. Uchumi wa dunia nzima kwa mwaka, kila shamba, kila kiwanda, kila lori la nyanya, ulikuwa kama trilioni 100. Hata kurudi dola moja tu kungehitaji trilioni 6.5, na kripto zote zikiwekwa pamoja, kilele chao cha wakati huo, Novemba 2021, zilikuwa kama trilioni 3. Yaani yule aliyenunua kwa senti akingoja dola alikuwa anangoja sarafu moja iliyovunjika izidi mara mbili thamani ya kripto zote zilizokuwa zimewahi kuwepo hadi hapo. Na hakuna aliyemficha. Idadi ilikuwa wazi mtandaoni, chini kidogo ya bei. Skrini ile ile.

Kitu kingine kilichoniacha mdomo wazi ni kwamba hii sinema ilikuwa imeonyeshwa tayari. Juni 2021, miezi kumi na moja kabla, kulikuwa na mradi unaitwa Iron Finance. Nao ulikuwa na sarafu mbili: IRON ya kukaa dola moja, na TITAN ya kuchapishwa ili kuiokoa. TITAN ilikuwa kama dola 60. Watu wakaanza kutoka, mashine ikachapisha matrilioni, na ndani ya siku moja TITAN ikawa karibu sufuri. Mark Cuban, bilionea wa Marekani, alikiri hadharani kwamba aliumizwa pale. Na IRON angalau ilikuwa na dola kiasi nyuma yake. UST, ukiondoa zile Bitcoin, ilikuwa na nini?

Mbona hakuna aliyejifunza? Nilikuwa nadhani ni tamaa tu, na tamaa ilikuwepo, yangu nimeiungama. Lakini kuna sehemu moja siwezi kumlaumu mtu. Mei 2021 UST ilikuwa imeteleza vibaya chini ya dola, kisha ikarudi. Kwon na kampuni yake wakajigamba kwamba mfumo umejiponya wenyewe. Mtu mwangalifu, yule wa kuchunguza kabla ya kuweka doo, alichunguza akaona: hii kitu ilijaribiwa ikapita. Kumbe haikujiponya. Kulikuwa na kampuni ya biashara iliyonunua UST nyingi kimyakimya ili kuinyanyua. Haya yalitolewa wazi mahakamani New York, na Aprili 2024 baraza la mahakama likaamua kwamba Kwon na Terraform waliwadanganya wawekezaji. Yaani mtihani wa kwanza walikuwa wameiba majibu, halafu wakatuonyesha cheti.

Na wenye waliuliza walidharauliwa. Julai 2021 mwanauchumi wa Uingereza, Frances Coppola, alikosoa aina hii ya sarafu hapo Twitter. Kwon akamjibu kwamba yeye habishani na maskini. Nikisoma hiyo nilimfikiria mathee moja kwa moja. Angekuwa Twitter akauliza ziko ngapi, jibu lingekuwa hilo hilo, na mimi, niseme ukweli, labda ningeweka emoji ya kucheka.

Hasara yote ilikadiriwa kuwa kama dola bilioni 40. Kwon alishikwa Montenegro Machi 2023 akijaribu kusafiri na pasipoti bandia ya Costa Rica. Alipelekwa Marekani siku ya mwisho ya 2024, akakiri makosa Agosti 2025, na Desemba akapewa miaka 15.

Sasa, kuna mambo swali la mathee haliwezi kukuokoa nayo. Bitcoin idadi yake inajulikana, haitapita milioni 21, na bado unaweza kuinunua vibaya na uchomeke. Mtu anaweza pia kukimbia na pesa yako bila kuchapisha kitu. Lakini ile hasara yangu, ile ya "ilikuwa nne sasa ni senti mbili", ingezuiwa na sekunde kumi za kushusha skrini. Nilirudi kuangalia baadaye. Ile sarafu yangu iliongezeka mara mia tatu wiki ile niliyonunua.

Chuo sikurudi. Karo ile haikuwa yangu, ilikuwa ya nyanya, na ya muhula uliofuata haikuwepo. Tuliongea na mathee tukakubaliana nimlipe kidogo kidogo kutoka kwa hizi kazi za video. Imebaki elfu kumi na moja. Huwa haniulizi, lakini ana kitabu kidogo cha deni ambacho huandika wateja, na jina langu liko hapo katikati ya mama wa kibanda cha chipo na mtu wa hoteli.

Kwa taarifa yenu, ile LUNA ya zamani haikufa. Baada ya kuanguka walitoa LUNA mpya, na ya zamani ikabadilishwa jina ikawa Luna Classic, LUNC. Inauzwa mpaka leo. Wiki iliyopita msee mmoja alinitumia inboksi picha ya simu yake, ana LUNC milioni moja na nusu. Anataka kujua zikifika dola moja moja atakuwa na shilingi ngapi. Bado ziko matrilioni. Nilimtumia ile sehemu ya chini ya skrini, iliyo na idadi, nikaizungushia kwa rangi nyekundu. Ameisoma. Hajajibu.