Mfinyanzi hulia gaeni: Sanaa za mikono za Kakamega na soko la watalii

WAHENGA walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Yule anayewafinyangia wenzake vyungu na mitungi ndiye huishia kulia chakula chake kwenye kigae. Msemo huo unawaafiki mafundi wengi wa Kakamega, ambao kazi zao husifiwa na wageni ilhali kipato chao kingali haba.

Si kwamba Kakamega haina cha kumvutia mgeni. Msitu wake ndio mabaki pekee nchini Kenya ya misitu ya mvua ya aina ile inayopatikana Kongo na Afrika Magharibi. Sehemu ya kaskazini, upande wa Buyangu, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1985 na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Upande wa kusini, kituo cha Isecheno kimo chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Watalii huja kutazama ndege, vipepeo na mbega.

Aidha, kando ya barabara ya Kisumu, kilomita chache kutoka mjini Kakamega, limesimama Jiwe Liliao la Ilesi. Mwamba huo una kimo cha takriban mita 40, na maji yanapoutiririkia huonekana kama mtu aliyeinama akibubujikwa na machozi.

Ilesi hiyohiyo ndiyo maskani ya wafinyanzi, wengi wao wanawake. Udongo huchimbwa, hupondwa na kukandwa, kisha chombo huinuliwa kwa mikono bila gurudumu. Baada ya kukauka kivulini, huchomwa motoni. Zamani mitungi ya maji na vyungu vya kupikia vilikuwa na wanunuzi wa hakika, bila kusahau vyungu vya pombe ambavyo wazee walivizunguka wakinywa kwa mirija mirefu. Sufuria na ndoo za plastiki zilipoenea, mnunuzi huyo alipungua, na ndipo fundi alipoanza kumtazamia mpita njia na mtalii.

Sanaa nyingine ni ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho. Hupigwa tatu pamoja, yaani kubwa, ya wastani na ndogo, zikiandamana na baragumu la pembe ya swala na njuga za chuma. Mwaka 2014, Unesco iliingiza isukuti katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba wajuzi wake wanazeeka bila warithi, na kwamba fedha na vifaa vya kutengenezea ala na mavazi ni adimu.

Kwa hivyo suala la kuuza ngoma au chungu kwa mtalii si la mapambo tu. Kijana hawezi kukaa miaka kadhaa akijifunza kazi isiyomlipa. Lakini soko nalo, likiachwa holela, laweza kumaliza kile kinachouzwa. Fundi hunufaika pale anapokuwa na mamlaka juu ya mambo matatu: malighafi, jina na mahali pa kuuzia.

MALIGHAFI

Ngoma ya isukuti huchongwa kutokana na gogo la mti wa asili, mathalani mringaringa, na kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge. Hapa ndipo mtego ulipo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara za wanyamapori, ikiwemo ile ya maduka ya vinyago. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ingali inakataza kumiliki au kuuza nyara bila kibali. Isitoshe, kenge wa majini yumo katika orodha ya mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini.

Maana yake ni kwamba mtalii anayenunua ngoma yenye ngozi ya kenge, au baragumu la pembe ya swala, anaweza kunyang'anywa kwenye uwanja wa ndege, na aliyemuuzia akajikuta mashakani. Ngoma ya kuuziwa mgeni yafaa iwambwe ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe, na fundi amweleze mnunuzi hivyo. Nchi kama Australia hutaka hata vitu vya mbao na ngozi za mifugo vitangazwe na kukaguliwa vinapoingia. Hivyo ngoma sharti iwe kavu, safi na isiyo na wadudu.

Kuhusu mti, Wakamba wana funzo. Uchongaji wa vinyago vya kuuzwa ulianza Wamunyu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati Mutisya Munge alipoleta ujuzi alioupata kwa Wazaramo wa Tanganyika. Biashara ilistawi hata mihugu na mipingo ikaadimika, na wachongaji wengi wakageukia mwarobaini na mwembe. Kakamega haina haja ya kungoja hadi hapo. Mringaringa hukua vyema shambani, na anayeupanda leo anamwekea akiba mchongaji wa kesho.

Mfano umo papo hapo. Kikundi cha wakulima cha Muliru, jirani na msitu, kiliacha kutegemea mmea wa mwonyi wa porini, kikaulima mashambani na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilitunukiwa Tuzo ya Ikweta, inayosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP).

JINA

Katika masoko ya vinyago jijini Nairobi, mawe ya Tabaka, vikapu na shanga hupangwa pamoja, na mnunuzi mara nyingi huondoka bila kujua kitu kimetoka wapi. Chungu kisicho na jina hushindana kwa bei tu, na mshindi ni mchuuzi.

Wasusi wa vikapu wa Taita walilitambua hilo, wakasajili alama yao ya pamoja. Ilesi nayo yaweza kufuata njia hiyo. Ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 inaagiza jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa, na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya kijadi inazitaka serikali za kaunti ziweke rejista ya maarifa hayo.

Jina huenda sambamba na maelezo. Kijikaratasi kinachotaja kijiji, matumizi ya chombo na namna kilivyochomwa humpa mgeni sababu ya kununua.

MAHALI

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," husema Waswahili. Kwa biashara ya utalii, methali hiyo ni nusu ya ukweli. Mtalii wa Kakamega huja kuona msitu, na asiposimamishwa Ilesi, chungu chema kitabaki barabarani. Waongoza watalii ndio daraja: wakimpeleka mgeni akashuhudia udongo ukikandwa, akaujaribu mwenyewe kwa ada, fundi atapata pato hata kama hakuuza kitu.

Ukubwa nao ni muhimu. Anayesafiri kwa ndege hawezi kubeba mtungi wa maji. Vyombo vidogo, vilivyofungwa vizuri kwa majani makavu au karatasi, ndivyo vitakavyofika salama. Bei nayo ihesabu siku za kazi, kuni na vyombo vinavyopasuka motoni, si udongo pekee. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, malipo yanaweza kumfikia fundi moja kwa moja bila kupitia mkono wa dalali.

Hata hivyo, mgeni hawezi kuwa tegemeo pekee. Misukosuko ya uchaguzi wa 2007 na janga la corona mwaka 2020 ilionyesha jinsi watalii wanavyoweza kutoweka ghafla. Hoteli, shule na nyumba za Kakamega zikitumia vyungu vya Ilesi, na ngoma zikiendelea kusikika arusini na matangani, fundi atakuwa na mnunuzi mwaka mzima, na mtalii atanunua kitu ambacho wenyewe bado wanakienzi.