Maisha na Maandishi ya Sister Souljah

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga. Maana jeraha la kidole hupona, bali neno likisha kutoka huweza kuchukuliwa na wengine likapewa maana asiyoikusudia mwenyewe. Katika historia ya watu weusi wa Marekani wachache wamepatwa na jambo hilo kwa udhahiri kama Lisa Williamson, ajulikanaye kwa jina la Sister Souljah. Jina lake limeingia katika msamiati wa siasa za nchi yake, nalo hutajwa na watu wasiopata kusikia wimbo wake wala kusoma kitabu chake hata kimoja. Kwa hiyo habari za maisha yake ni habari za mashindano juu ya maana: ni nani mwenye haki ya kufasiri neno lililonenwa?

Alizaliwa mwaka 1964 katika Bronx, sehemu ya jiji la New York. Wazazi wake walitengana angali mtoto, na familia ikaishi kwa msaada wa serikali katika majumba yaliyojengwa kwa ajili ya maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi walihamia Englewood, katika jimbo la New Jersey. Huko aliona ya kuwa vitabu vya darasani vilinyamaza juu ya Waafrika na wazao wao, akaanza kujitafutia maarifa hayo mwenyewe. Kipawa chake cha kunena kilidhihirika mapema, kwani alipata ushindi katika mashindano ya kuhutubu juu ya katiba ya nchi. Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Rutgers, akasoma historia ya Marekani na habari za Afrika. Katika miaka ya 1980 wanafunzi wa chuo hicho walidai fedha za chuo ziondolewe katika makampuni yaliyofanya biashara na Afrika Kusini ya ubaguzi, na sauti yake ilikuwa miongoni mwa zilizosikika sana. Baada ya hapo alifanya kazi na tume ya haki ya kanisa la United Church of Christ, akasimamia kambi ya watoto wasio na makao katika North Carolina.

Jina alilojichagulia lastahili kuangaliwa. Sister ni dada, nalo ni neno la heshima litumikalo sana makanisani na katika vyama vya kupigania haki vya watu weusi. Souljah huunganisha sauti za maneno mawili ya Kiingereza, la roho na la askari. Basi aliyejiita hivyo alitangaza kazi yake kabla ya kufumbua kinywa: yeye ni ndugu wa watu wake, tena ni mpiganaji ambaye silaha yake i ndani ya nafsi.

Hip hop ilichipuka katika Bronx ile ile katika miaka ya 1970, kutokana na ngoma za vijana ambao hawakuwa na kumbi wala fedha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, kundi la Public Enemy lilikuwa limeufanya muziki huo wa kufokafoka kuwa jukwaa la siasa. Sister Souljah alijiunga nalo, na mwaka 1992 akatoa albamu yake mwenyewe, 360 Degrees of Power. Haikununuliwa sana. Ilikuwa karibu na hotuba kuliko wimbo, na ukali wake uliwafukuza wengi.

Tarehe 29 Aprili mwaka huo huo, mahakama ya California iliwaachilia askari polisi waliompiga Rodney King, ingawa kipigo hicho kilikuwa kimenaswa katika filamu. Ghasia zikaushika mji wa Los Angeles, na watu zaidi ya 50 wakafa. Alipohojiwa na gazeti la Washington Post, Sister Souljah aliuliza: ikiwa watu weusi huuana kila siku, kwa nini wasitenge juma moja la kuwaua weupe? Tarehe 13 Juni Bill Clinton, aliyekuwa akigombea urais, alisimama katika mkutano ulioandaliwa na Jesse Jackson akayalaani maneno hayo, akayafananisha na ya David Duke, aliyekuwa zamani kiongozi wa Ku Klux Klan. Sister Souljah alijibu ya kuwa hakuhimiza mauaji. Alikuwa akieleza fikira za kijana wa magenge, aliyezoea kuona damu ya jirani yake ikimwagika pasipo taifa kushtuka.

Maelezo hayo yana uzito, lakini hayaondoi ukali wa maneno yenyewe. Mnenaji atoaye sauti ya mwingine bila kumtaja hana budi kutazamia kwamba ataambiwa sauti ni yake. Hata hivyo faida ilimwendea Clinton, aliyeonekana mbele ya wapiga kura weupe kuwa haogopi kuwaudhi marafiki wa chama chake. Tangu siku hizo, mwanasiasa akemeapo hadharani mtu wa upande wake ili awaridhishe wa kati, Wamarekani husema kuwa huo ni wakati wake wa Sister Souljah. Hivyo jina lililobuniwa kuwa bendera liligeuzwa kuwa istilahi ya mbinu za watu wengine.

Jibu lake kubwa lilikuja kwa kalamu. Mwaka 1994 alitoa No Disrespect, habari za maisha yake, na mwaka 1999 riwaya iitwayo The Coldest Winter Ever, iliyouzwa nakala zaidi ya milioni moja na kuamsha upya fasihi ya mitaani. Mhusika mkuu ni Winter Santiaga, binti wa mfanyabiashara wa madawa ya kulevya katika Brooklyn, naye husimulia mwenyewe kwa lugha ya mtaa wake mpaka afikapo gerezani. Ndani ya kisa hicho mwandishi amejitia kwa jina lake hasa, akiwa mshauri wa vijana. Na Winter humdharau, humcheka, wala hafuati shauri lake. Wako waliolalamika kwamba riwaya yaupamba uovu. Lakini humo ndimo ilimo hekima ya aliyewahi kuhukumiwa kwa sentensi moja: safari hii sauti ya kijana wa mtaani ina jina, ina nyumba, ina makosa na malipo yake, wala hakuna awezaye kudai kuwa ni ya mwandishi.

Vitabu vingine vilifuata, vikiwamo Midnight mwaka 2008, kisa cha kijana Mwislamu kutoka Sudan akulia Brooklyn, na Life After Death mwaka 2021, kinachomrudia Winter. Wanasiasa wangali wakilitumia jina la Sister Souljah kwa maana waliyoibuni wao. Wasomaji wake, wengi wao wasichana wa mitaa kama ile aliyozaliwa, wanalo kwa maana nyingine, nao hawakuipata kwa mgombea yeyote.