Mpiga Litungu na Siku ya Tatu

Wahenga wamenena maneno mawili juu ya mgeni, na aghalabu watu hulikumbuka la kwanza wakalisahau la pili. La kwanza ni mgeni njoo, mwenyeji apone. La pili ni mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maneno hayo hutajwa katika habari za chakula na malazi, walakini yanaeleza vilevile jinsi muziki unavyosafiri kutoka nchi hata nchi. Mwanamuziki aliyealikwa huleta sauti ambayo mwenyeji hana. Akiondoka na zana yake kabla mwenyeji hajaigusa, sauti ile hupita kama upepo. Lakini siku ya tatu ikimkuta, akatiwa katika kazi ya nyumba, na mtoto wa mwenyeji akashika nyuzi, sauti ile hupata kwao kupya.

Kisaka, katika wilaya ya Serengeti mkoani Mara, ni mahali pafaapo kuyapimia maneno hayo. Ni nchi ya Wangoreme, kusini ya mto Mara. Ng'ambo ya pili, katika Tarime, wako Wakuria, ambao lugha yao na Kingoreme ni ndugu. Wakuria walikatwa kati na mstari ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886, wengine wakaangukia Kenya na wengine upande wa Tanganyika. Wangoreme nao, kwa masimulizi yao wenyewe, ni mkusanyiko wa koo zilizotoka pande mbalimbali. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 nchi zile zilipigwa na sotoka iliyoua ng'ombe, na ndui, na njaa, na mashambulizi ya maadui. Watu wengi wakahama na kutafuta hifadhi kwa jirani. Kwa watu waliopitia dhiki kama hizo, kumpokea mgeni hakukuwa adabu tu. Ilikuwa njia ya kuokoka, maana mwenyeji wa mwaka huu huenda alikuwa mgeni wa mwaka uliopita.

Zana inayosifika zaidi katika nchi hizo ni litungu, ambalo Wakuria huliita iritungu. Ni bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi. Katika bakuli hupandishwa mikono miwili, na juu ya mikono hukingamishwa mti mmoja, na kutoka mti huo nyuzi nane hushuka mpaka katika ngozi. Zamani nyuzi zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Baadaye nailoni ya wavuvi ilichukua nafasi yake. Sauti yake ni nzito, yenye mvumo, kama sauti ya mzee anayesema polepole ili asikatizwe. Jamaa zake ni nyatiti ya Wajaluo, obokano ya Wakisii, endongo ya Waganda na krar ya Wahabeshi, na asili ya ukoo huo ni ya kale mno: katika makaburi ya Uru, nchi ya Iraki ya leo, zilichimbuliwa zana za namna hiyo zenye umri wa miaka ipatayo 4,500. Katika Afrika ukoo huo umeenea kaskazini na mashariki, kutoka Sudani na Ethiopia kushuka hata ziwa Viktoria, na nchi ya Mara ni karibu na mpaka wake wa kusini. Basi litungu lenyewe ni mgeni wa zamani aliyepewa jembe, akalima, akahesabiwa mwenyeji.

Wakati wa mpiga litungu ni baada ya mavuno, masika yakiisha na ulezi ukiwa ghalani. Ndipo pombe hupikwa, harusi hufungwa, na vijana waliotahiriwa husherehekewa. Si kila mji una mpigaji, kwa hiyo hualikwa kutoka mji mwingine, naye huja na litungu lake begani. Huketi juu ya kigoda, watu wakamzunguka, akaanza kupiga na kuimba. Huwataja waliohudhuria kwa majina, kwa koo na kwa rika zao. Husifu ng'ombe wa huyu na ukarimu wa yule. Na bahili naye hupata fungu lake mbele ya watu, kwa fumbo ambalo hawezi kulikasirikia bila kujishtaki. Anayesifiwa huinuka akatoa tuzo. Kazi hiyo haiwezekani pasipo ukaribu. Mgeni lazima aulize jioni ile ni nani aliyezaa, ni nani aliyefiwa, ni nani waliogombana, ili wimbo wake uwe na watu ndani yake.

Ukaribu huo ndio Wazungu walioupa jina la muziki wa chumbani: zana chache, kila mpigaji na sehemu yake, bila kiongozi wa kuwapungia fimbo, mbele ya wasikilizaji ambao nyuso zao zaonekana. Nao pia wana majira ya kualikana, yaani miezi yao ya joto. Mfano bora ni Prades, mji mdogo wa Ufaransa chini ya milima ya Pyrenees. Hapo alikaa Pablo Casals, mpiga sello mashuhuri, aliyekimbia nchi yake ya Hispania baada ya Franco kushika utawala. Kwa kuchukizwa na mataifa yaliyomtambua Franco, Casals alikataa kupiga hadharani. Mwaka 1950 ulipotimia mwaka wa 200 tangu kufa kwa Bach, mpiga fidla Alexander Schneider aliwaita wanamuziki wenzake, wakamwendea Casals alipokuwa, wakapiga pamoja naye kanisani Prades. Mmoja wa wageni hao alikuwa mpiga piano Rudolf Serkin. Mwaka uliofuata, 1951, Serkin na wenzake walianzisha huko Marlboro, Marekani, mkutano wa kila kiangazi ambamo mabingwa na vijana hupiga pamoja, na kipande kimoja huweza kufanyiwa kazi kwa majuma, kiwe kitaonyeshwa kwa watu au kisionyeshwe. Casals mwenyewe alikwenda huko kila mwaka tangu 1960 hata 1973, mwaka aliofariki. Hapo siku ya tatu ilitimia: mgeni alifanywa mwalimu, na waliokuwa wageni wake wakawa wenyeji wake.

Karibu na nyumbani, Unguja ina ushuhuda wake. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alileta wapigaji kutoka Misri wamtumbuize katika jumba lake. Kama angeishia hapo, habari yao ingalikufa pamoja naye. Lakini alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, naye aliporudi aliwafundisha wengine. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama cha Ikhwani Safaa, na muziki ukatoka jumbani ukaingia katika vikao vya raia. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa shamba, akaimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay. Kutoka tumbuizo la mgeni kwa Kiarabu hata wimbo wa Mswahili unaouzwa pwani yote ulikuwa mwendo wa miaka ipatayo 50, na hatua iliyouwezesha ilikuwa ni ile ya kujifunza.

Baada ya uhuru Tanganyika iliutazama urithi wake kwa macho mapya. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama katika Mara hiyohiyo, aliunda mwaka 1962 wizara ya kushughulikia utamaduni, akisikitika kwamba waliosoma walizijua ngoma za Ulaya kuliko za babu zao. Kikundi cha ngoma cha taifa kiliundwa, na Radio Tanzania ikanasa nyimbo za makabila mengi. Faida yake haikanushiki: mtu wa Mtwara aliweza kusikia sauti ya Mara bila kusafiri. Walakini jukwaa lina sheria zake. Hapo mpigaji hupewa dakika chache; waliokaa mbele yake hawana majina katika wimbo wake; bahili haonyeki, kwa kuwa hajulikani. Mgeni wa jukwaani hushangiliwa akaondoka siku ya kwanza. Dawa ya upungufu huo ilitafutwa Bagamoyo, kilipofunguliwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyesifika hata Ulaya kwa zeze na marimba, alikuwa mwalimu huko. Naye alipofariki mwaka 2003 aliacha jamaa na wanafunzi waliouendeleza muziki wake.

Swali lililobaki ni la miji kama Kisaka. Siku hizi mwenye harusi aweza kukodi vipaza sauti na nyimbo za kila nchi. Na akimwita mpiga litungu, humwita kwa jioni moja, vijana wakamnasa kwa simu, naye akarudi kwake usiku uleule. Yamkini watu wakadhani litungu limehifadhiwa, maana sauti yake ipo mfukoni. Lakini simu haijui mti upi wa kuchonga, wala ngozi iwambwe ikiwa na unyevu kiasi gani, wala uzi ukazwe hata wapi. Tena haiwezi kuuliza jioni hii ni nani waliogombana. Maarifa hayo hukaa katika mikono na katika Kingoreme na Kikuria vyenyewe, na mzee akifa nayo hayachimbuliwi kama zile za Uru. Hata hizo, hakuna ajuaye wimbo uliopigwa juu yake.

Wala gharama ya kuyaokoa si kubwa. Mji uliovuna, ambao tayari una pombe na chakula na kigoda, humwalika mpigaji kwa jioni moja. Na uongeze siku mbili. Siku ya pili achonge na wavulana na wasichana wa mji. Siku ya tatu litungu liwekwe mapajani mwa mmoja wao, na mgeni aketi upande wa wasikilizaji.