Kutoka araki hadi kanyanga: safari ya pombe kali kwenye mpaka wetu wa Kasindi

Leo ninawaletea historia ya kitu ambacho wote tunakijua kwa harufu kabla hatujakiona.

Ilianzia kwenye arusi. Mfanyabiashara mmoja wa mpakani aliweka juu ya meza ya wazee chupa ya jin iliyotoka Scotland. Vijana waliipiga picha. Mimi nilisoma karatasi yake: asilimia 57 ya alkoli. Mjomba wa bwana arusi alikuwa tayari amejaza gilasi ya bia hadi juu, akitaka kuinywa kama bia. Papa mmoja mwenye mvi, ambaye zamani alipika kanyanga, alimshika mkono. Akamimina tone dogo kwenye kizibo, akanusa, akaweka kwenye ulimi, akanyamaza kidogo.

Nikamuuliza: «Papa, unaionaje?»

«Mwanangu,» akanijibu, «hii ni kanyanga iliyovaa manukato. Lakini ina nguvu kuliko ile tuliyokuwa tunapika. Muongezee maji huyu, ama arusi itageuka matanga.»

Papa alisema kweli. Jin ni pombe kali iliyotiwa harufu ya matunda madogo ya mti unaoitwa juniperi, pamoja na maganda ya machungwa na viungo vingine. Sheria za Ulaya zinataka iwe na angalau asilimia 37.5 ya alkoli. Ile ya asilimia 57 wanaiita jin ya jeshi la majini. Inasimuliwa kwamba mabaharia wa Uingereza waliijaribu kwa kuimwaga juu ya baruti kisha kuwasha moto. Kama baruti iliwaka hata ikiwa imelowa, pombe ilikuwa na nguvu ya kutosha. Kama ilikataa, muuzaji alikuwa ametia maji.

Nani kati yetu hajaona mama akimwaga kanyanga kwenye kijiko na kuwasha kibiriti mbele ya mteja? Ni jaribio lilelile. Tutalirudia, maana limeua watu.

Ilifikaje kwetu?

Babu zetu Wanande, na ndugu zetu Wakonzo ng'ambo ya Lubiriha, walijua kasiksi, pombe ya ndizi. Ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa, juisi inachanganywa na mtama, inalala, inachacha. Kasiksi ilikuwa pombe ya mahari, ya kazi ya shamba na ya kupatanisha watu. Lakini kuichemsha na kukamata mvuke wake ni ufundi uliokuja baadaye.

Njia moja kubwa ya ufundi huo ilipita karibu sana na hapa. Mwaka 1889 Stanley alimtoa Emin Pasha kwenye Ziwa Albert, wakashuka bonde la Semliki na kuzunguka milima ya Rwenzori hadi Katwe. Nyuma yao walibaki askari wa Kisudani chini ya Selim Bey, huko Kavalli, upande ambao leo ni Ituri. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard alijenga ngome penye chumvi ya Katwe, kisha akaenda hadi Kavalli kuwachukua askari hao pamoja na wake zao, watoto na watumishi wao, maelfu ya watu. Wazao wao wanaitwa Wanubi. Walikuja na bunduki, na pia ufundi wa kupika araki.

Ndiyo sababu Uganda wanasema waragi. Wengine husimulia kwamba jina limetoka kwa Waingereza waliosema «jin ya vita» kwa lugha yao. Ni hadithi tamu, lakini neno araki ni la zamani zaidi, na Waturuki wana raki yao hadi leo. Huko Kenya, Wanubi wa Kibera walijulikana miaka mingi kwa jin yao ya nyumbani.

Sheria za wakubwa

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kupinga biashara ya watumwa, na ndani yake wakaweka vizuizi juu ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, wakakaza zaidi, pamoja na kukataza kupika pombe kali katika makoloni. Mzungu aliendelea kuletewa chupa yake. Mwafrika aliyechemsha ndizi zake alitafutwa na askari.

Halafu kukawa na mpaka. Mapatano ya 1910 na ya 1915 kati ya Wabelgiji na Waingereza yaliwaacha ndugu wa ukoo mmoja katika inchi mbili. Kilichokatazwa huku kingeweza kuvushwa kule usiku, na kurudi asubuhi kikiwa na jina lingine.

Uganda ilipopata uhuru ilijaribu njia nyingine. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilikataza kupika bila ruhusa, na ikataka pombe ya vijijini iuzwe kwa kiwanda ili isafishwe tena. Hapo ndipo ilipozaliwa Uganda Waragi ya chupa, yenye asilimia 40. Wapikaji wengi hawakupata ruhusa, lakini mapipa hayakuzimika.

Baadaye zikaja sacheti, zile pakiti ndogo ambazo hata mtoto angeweza kuficha mfukoni. Tanzania ilizikataza Machi 2017, Uganda mwaka 2019. Leo Uganda chupa ndogo inaanzia mililita 200.

Hesabu ya gilasi

Chukueni kalamu. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye asilimia 5, ina mililita 36 za alkoli tupu. Chupa ndogo ya waragi ya mililita 200 ina mililita 80, yaani zaidi ya bia kubwa mbili. Ile gilasi ya mjomba, ya robo lita, ingekuwa na mililita 142: karibu bia kubwa nne kwa mkupuo mmoja.

Wenyewe Waingereza hupima jin kwa mililita 25, kisha huongeza barafu na maji ya toniki. Toniki ina kinini kidogo, lakini msidanganyike: haiponyi malaria. Mwenye homa aende kupimwa.

Moto wa bluu hausemi kila kitu

Sasa turudi kwenye kijiko. Moto unaonyesha kwamba pombe ina nguvu. Hauonyeshi kwamba ni salama. Metanoli, alkoli ya viwandani inayotumiwa kwenye rangi na dawa za kusafishia, nayo inawaka vizuri. Mwaka 2000 Nairobi zaidi ya watu 130 walikufa kwa pombe iliyotiwa metanoli. Mwaka 2010, upande wa Kabale, Uganda, walikufa watu wapatao 80. Mara nyingi maafa makubwa kama hayo huletwa na mtu aliyeongeza kitu cha kiwandani ili apate faida ya haraka.

Dalili zinaweza kuchelewa hata siku nzima: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kukaza, macho kuona ukungu. Mkiona hivyo, msimlaze mtu mkisema amelewa. Mpelekeni hospitali saa ileile na mseme alikunywa nini. Akichelewa anaweza kubaki kipofu, au kufa.

Najua ninaongea na nani. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 katika eneo la Beni, watu wanakimbia, wanarudi, wanakimbia tena. Mama mmoja aliyeacha shamba lake la kakao aliniambia hivi, karibu na pipa lake: «Wewe unaandika kwamba ni mbaya. Mimi najua ni mbaya. Lakini pipa hili ndilo lililolipa masomo ya watoto wawili.» Sikuwa na jibu. Nilimuuliza tu kama anatia kitu chochote ndani. Akakasirika: «Ndizi na maji! Wanaokunywa hapa ni ndugu zangu.»

Neno lake ni sheria nzuri kuliko nyingi nilizotaja hapo juu. Anayepika, apike kama anayempa ndugu yake. Anayeuza, asinunue bidoni asiyojua imetoka wapi. Anayekunywa, akumbuke kwamba usiku wa Kasindi unataka mtu mwenye macho na miguu: mlio ukisikika, ni lazima kubeba watoto na kwenda.

Mjomba wa arusi, kama mnataka kujua, alikunywa tone lake na maji mengi, akacheza hadi mwisho.