Dizeli ikipanda, gunia lako linaguswa kiasi gani?

Msikilizaji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Bei kikomo maana yake kituo hakiruhusiwi kuuza juu ya hapo. Chini ya hapo kinaweza. Wengi wetu tunatega sikio kwenye petroli kwa sababu ya bodaboda. Lakini ukipeleka mahindi Tandale, Kinondoni, au matunda Temeke Stereo, sikiliza dizeli. Hiyo ndiyo inayoendesha fuso.

Mafuta yote tunaagiza nje. Meli nyingi hushusha Dar es Salaam, upande wa Kurasini na Kigamboni, nyingine Tanga na Mtwara. Kutoka bandarini kila kilomita inaongeza gharama, ndiyo maana lita moja Kigoma ni ghali kuliko Mbagala.

Mruko mkubwa tuliuona mwaka 2022, baada ya vita ya Urusi na Ukraine kuanza. Dizeli Dar es Salaam ilitoka shilingi 2,692 mwezi Aprili hadi 3,258 mwezi Mei. Juni serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 nayo ilipanda Mei ile, kutoka 400 hadi 500, na Desemba 2023 ikawa 600. Hiyo hupangwa na LATRA. Nauli ya mzigo ni maelewano, na hapo ndipo mkulima anapoumia.

Tupige hesabu. Chukulia fuso inatumia lita 150 kwenda na kurudi, imebeba magunia 80. Kwa mruko ule wa shilingi 566, nyongeza ni 84,900 kwa safari nzima. Gawa kwa 80: haifiki 1,100 kwa gunia. Mwenye gari ana matairi na vipuri pia, tusimwonee. Lakini dalali akikukata 5,000 kwa gunia akisema "mafuta yamepanda", mwombe mpige hesabu hiyo pamoja. Na dizeli ikishuka, mkumbushe, mwenyewe hatakumbuka.

Bei ya wilaya yako utaipata hata kwa simu ya kitochi: bonyeza *152*00# na ufuate maelekezo. Fanya hivyo kabla lori halijafika shambani.