Tiba ya Tundu Dogo kwa Uvimbe wa Mfupa Usio Saratani

Mtoto wa Kasongo au Kabambare, huku Maniema nchini Kongo, akilia usiku kwa maumivu ya paja, munganga hufikiria kwanza usaha ndani ya mfupa, na ana haki. Lakini upo uvimbe unaofanana na ugonjwa huo, osteoidi osteoma, uliotambulishwa na Henry Jaffe mwaka 1935. Kiini chake kwa kawaida hakifiki sentimita 2, wala hakisambai mwilini. Hutoa prostaglandini, ndiyo maana maumivu huzidi usiku na mara nyingi hutulia kwa ibuprofeni au aspirini.

Wengine huita uvimbe wa namna hii “mpole”. Jina hilo silipendi, maana mgonjwa asiyelala hatakubali kwamba unaomtesa ni mpole. Uvimbe wa seli kubwa nao si saratani, na bado hula mfupa karibu na goti. “Usio saratani” hukanusha jambo moja tu, bila kuahidi jingine.

Zamani mfupa ulichongwa ili kiini cha osteoidi osteoma kitolewe. Mwaka 1992 Daniel Rosenthal na wenzake wa Boston walieleza njia nyingine: mgonjwa hulazwa usingizi, sindano huongozwa kwa skana hadi kwenye kiini, na ncha yake hupashwa joto hadi nyuzi 90 hivi kwa dakika chache. Vitabu vitaiita njia hiyo “mawimbi ya redio”. Kwa Maniema hilo litapotosha, kwa kuwa huku kupiga radio ni kupiga picha ya mifupa. Mimi nasema “sindano ya joto”.

Tanzania wana “upasuaji wa matundu madogo”, jina zuri kwa kazi ya kamera tumboni. Kwa sindano ya joto hakuna kinachopasuliwa, kwa hiyo “tiba ya tundu dogo” inafaa zaidi. Udogo ni wa njia ya kuingilia, si wa hatari: joto huweza kuunguza neva iliyo jirani.

Kasongo ndiko miaka ya 1970 mtandao wa vituo vya afya vinavyopeleka wagonjwa hospitali ulijaribiwa pamoja na taasisi ya Antwerp. Katika mtandao wa namna hiyo, muuguzi wa kituo anaweza kuuliza: maumivu yanazidi usiku? Dawa inayatuliza? Sindano ya joto iko mbali, lakini tiba ya tundu dogo si hiyo peke yake. Mfuko wa maji ndani ya mfupa wa mtoto huweza kuchomwa sindano ya steroidi, njia aliyoieneza Scaglietti wa Firenze katika miaka hiyohiyo. Inahitaji radio, usingizi na mkono uliofundishwa, na mara nyingi hurudiwa kabla mfupa haujajaa.