Fizikia ya Shahada ya Kwanza nchini Tanzania

Fizikia ya shahada ya kwanza ni masomo ya chuo kikuu, kwa kawaida ya miaka mitatu, ambayo humtoa mwanafunzi katika kukariri kanuni za maumbile na kumfikisha katika kuzikokotoa mwenyewe na kuzijaribu maabara. Hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kitivo chake cha sayansi kilianza mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, na katika vyuo vikuu vishiriki vya elimu kama Mkwawa, ambako huchanganywa na ualimu.

Kijana wa kata ya Getanuwas, wilayani Hanang, huifikia fizikia hiyo baada ya kidato cha sita, kwa tahasusi kama PCM, inayounganisha fizikia, kemia na hisabati, na mara nyingi baada ya kubadili lugha mara mbili: Kidatooga au Kiiraqw nyumbani, Kiswahili katika shule ya msingi, kisha Kiingereza kuanzia sekondari. Istilahi za Kiswahili zipo, kwani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, lakini hazitumiki katika mihadhara, na ndiyo maana mhitimu anaweza kuwa hodari wa milinganyo na bado akashindwa kumweleza mzazi wake alichosomea.

Mwaka wa kwanza hurudia mada za sekondari, yaani mwendo na kani, joto, mawimbi, umeme na sumaku, ila sasa kwa kalkulasi, tawi la hisabati linaloshughulikia mabadiliko madogo madogo na jumla yake. Mlima Hanang, wenye kimo cha takriban mita 3,420, unatosha kuonyesha tofauti. Mwanafunzi wa sekondari anajua kwamba kanieneo ya hewa, yaani kani ya hewa juu ya kila kipande cha eneo, hupungua kadiri mtu anavyopanda. Mwenzake wa chuo huigawa hewa katika matabaka membamba, kila moja likibeba uzito wa yaliyo juu yake, kisha huyajumlisha na kukuta kwamba kileleni kanieneo ni kama theluthi mbili ya ile ya pwani, na kwamba maji huchemka huko kwenye nyuzi 89 hivi za Selsiasi, hata maharage yakakawia kuiva ijapokuwa kuni zimeongezwa.

Baadaye huja sumakuumeme, fizikia ya kwanta, ambayo hutabiri uwezekano mahali pa uhakika, fizikia ya kiini cha atomi, na ile ya mango, yaani vitu yabisi, inayoeleza utendaji wa paneli za umeme wa jua.

Lakini somo gumu kuliko yote ni la maabara, kwa sababu huko mwanafunzi hujifunza kuwa kipimo kisichotajiwa kiasi cha shaka yake hakina thamani. Mfano bora umetoka Tanzania yenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alipokuwa Mkwawa, iliyokuwa shule ya sekondari wakati huo, alimuuliza mhadhiri Denis Osborne, ambaye hakumpuuza bali alikwenda kulijaribu jambo hilo Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Ubishi haujaisha: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, Burridge na Linden, walieleza kwamba hawakuona ushahidi wa kuridhisha, na kwamba tofauti ndogo ya kina cha kipimajoto inatosha kuzua matokeo ya namna hiyo. Mpemba mwenyewe hakusomea fizikia chuoni. Makala yao ilipotoka, alikuwa mwanafunzi wa uhifadhi wa wanyamapori katika Chuo cha Mweka, mkoani Kilimanjaro.